Nusu Saa ya Maji

Kwa watu wa mafalaji, hapa Ibra,
nusu saa ya maji huitwa athari.
Unguja nilikojulia kusema
athari ni alama inayobaki
jambo likishapita.
Miaka arubaini nikidhani ni maneno mawili.

Athari yangu, niliyorithi kwa baba,
huingia saa tisa usiku, kila baada ya siku nane.
Baba aliihesabu kwa nyota.
Mimi niliihesabu kwa mawakili:
miaka tisa mahakamani na binamu yangu Khalfan,
faili nene kama msahafu, astaghfirullah,
kwa nusu saa.

Kisha titi la kushoto.
Uvimbe kama kokwa ya tende,
na Maskati, na kitanda cha dirishani,
na ile dawa nyekundu ikishuka kwenye mpira
tone,
halafu tone,
na Nesi Lissi akikisukuma kigurudumu chake kwa kidole gumba,
kidogo tu,
kama mtu anayesogeza jiwe na kitambaa mdomoni mwa mfereji.
Nikawaza: kumbe haya ndiyo maji yangu.
Haya hayakatiwi rufaa.

Nilipona. Nalisema kwa sauti ndogo.
Daktari anataka kuniona kila miezi mitatu,
na kila tukifika milima ya Fanja
mate hunikauka, Zahran hufungua redio,
hatusikilizi.

Watu wanauliza nimebadilika nini.
Wanangoja kitu kikubwa.
Nawaambia: nimeanza kunywea vile vikombe.
Vile vya Dubai, vyenye ukingo wa dhahabu,
vilivyokaa kabatini miaka kumi na saba vikingoja wageni.
Kimoja kimeshavunjika.
Nilifagia, nikamimina kahawa katika kingine.

Harusi siendi zote. Nachagua,
na nisipokwenda sisingizii kuumwa.
Dada yangu Muza amenuna tangu Shaabani.
Ile ghorofa ya pili tuliyoipigia hesabu
haikujengwa; nondo zimesimama juu ya paa, zimeota kutu,
tunaanikia kanga.
Pesa zake tumezila polepole:
Salala wakati wa manyunyu, papa mkavu mzuri,
meno ya Zahran.

Wala sijawa malaika.
Jana nilimfokea Shinuna kwa viatu vya mlangoni,
nikafoka mpaka jirani akafunga dirisha,
na katikati ya kufoka nikajiona mzima,
mzima kabisa.

Zamani zamu ya maji nilimwachia Rafik, kibarua wetu.
Siku hizi namwacha alale.
Nakwenda mwenyewe, na tochi, na sweta la mwanangu,
jiwe nalinyanyua kwa mkono wa kulia
kwa kuwa wa kushoto haupiti bega tena.
Maji hayaji kwanza. Huja majani makavu,
yakisukumana kama watoto wanaotoka chuoni,
nyuma yake ndiyo sauti,
nyuma ya sauti ndiyo baridi kwenye vifundo vya miguu.

Dakika kumi za mwisho
naziachia upande wa Khalfan.
Mitende yake mitano ilikuwa imekauka vichwa,
na mimi nilikuwa nikiiona kila siku ya Mungu,
nikifurahi.

Mara ya kwanza alikuja mbio, kanzu kaishika magotini,
akasimama ng'ambo ya mfereji.
"Zeyana. Unanitega?"
"Maji hayo."
"Kesho utakwenda kwa kadhi, useme nimeiba."
"Maji hayo, Khalfan."

Sijamsamehe. Niseme kweli.
Nikiliona gari lake mbele ya msikiti
bado kitu hunipanda kooni.
Ila chuki inataka nafasi, inataka mtu akae nayo,
ailishe, aifulie nguo,
na saa tisa usiku, miguu majini,
nilichonacho ni dakika ishirini
na harufu ya udongo unaokunywa.

Hakuondoka. Tukasimama, yeye kule, mimi huku,
tukiyasikiliza maji yakikata kona kuingia kwake.
Baadaye akaizima tochi,
asimalize betri.
Bahili yule.